Tangi la Bahari Sebuleni: Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Watoto wengi wa Dar es Salaam wanamjua samaki akiwa ndani ya karai tu. Wanamjua changu wa kukaanga, kibua wa kuchoma na dagaa wa kuunga kwa nazi. Lakini waulize kitatange hulala wapi usiku, au kwa nini kangaja ana mwiba mkali kama wembe karibu na mkia wake, nao watakukodolea macho. Si kosa lao. Bahari iko mwendo wa basi moja tu kutoka Manzese, lakini chini ya mawimbi hakuna basi lifikalo.

Kwa hiyo si ajabu kwamba familia kadhaa zimeanza kutamani tangi la kioo sebuleni, tena si lile la maji baridi lenye samaki wa dhahabu ambalo limekwisha zoeleka, bali la maji ya chumvi, lenye mawe, mchanga na rangi za mwambani. Ni tamaa njema. Ila inayo gharama yake, na gharama iliyo kubwa kuliko zote si fedha bali ni subira. Safu ya leo haitamzungumzia samaki hata mmoja. Itazungumzia wiki 6 hadi 8 zinazomtangulia samaki, wakati ambapo tangi limejaa maji, taa inapendeza, mtoto anauliza kila jioni, na wewe mzazi huna budi kujibu kwamba bado.

Jambo hili lina historia. Mnamo mwaka 1846 bibi mmoja Mwingereza, Anna Thynne, alichukua matumbawe hai kutoka pwani ya Torquay akayapeleka nyumbani kwake London, mbali na bahari. Wakati huo pampu za umeme hazikuwapo. Ili maji yapate hewa, mtumishi wake alikuwa akiyamimina kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa na zaidi, siku baada ya siku. Matumbawe yakaishi. Sifa vitabuni ni za bibi. Mikono iliyomimina maji ilikuwa ya mtumishi. Miaka michache baadaye, mwaka 1853, jengo la kwanza la kuonyeshea viumbe wa majini lilifunguliwa kwa umma katika bustani ya wanyama ya London. Tangu hapo vyombo vimebadilika sana, lakini matatizo yamebaki yale yale mawili: hewa na uchafu.

Hewa si vigumu kuielewa. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 28 hubeba oksijeni miligramu 6 na kidogo tu katika kila lita, pungufu kuliko maji ya nchi za baridi. Pampu ndogo ya hewa yenye kutoa mapovu, au pampu ya maji inayoufanya uso wa maji usitulie, hutosha. Uchafu ndio wenye hadithi ndefu.

SAMAKI HANA CHOO CHA KUJITENGA

Kila kiumbe alaye hana budi kutoa taka. Samaki hutoa taka yake iliyo kubwa, iitwayo amonia, kupitia matamvua, na huitoa papo hapo anapoogelea. Baharini amonia hiyo hupotea katika maji yasiyo na mwisho. Ndani ya sanduku la kioo la lita 100 haina pa kwenda. Inamrudia mwenyewe, inamchoma matamvua, naye huonekana akipanda juu na kutweta kama mtu aliyekimbia.

Tena maji ya bahari yana ubaya wa ziada katika jambo hili. Ukali wa amonia hutegemea hali ya maji. Katika maji ya mtoni yaliyo katikati, yaani yasiyo makali wala ya magadi, sumu halisi huwa chini ya sehemu 1 katika kila 100 za amonia yote. Katika maji ya bahari, ambayo kwa asili yana umagadi wa kipimo cha pH kati ya 8.0 na 8.4, na kwa joto letu la pwani, sumu hiyo hufikia sehemu 8 hadi 10 katika kila 100. Ndiyo maana mtu aliyefuga samaki wa maji baridi kwa miaka mingi bila shida anaweza kuanza na wa bahari na kuwazika wote katika wiki moja.

Ninaye jirani ambaye mambo haya yalimfika. Alinunua tangi, chumvi, mchanga na samaki watano siku moja ya Jumamosi, na muuzaji akampongeza. Jumatatu samaki wawili walikuwa wamelala ubavu. Jumatano hapakuwa na mmoja. Alirudi dukani akauziwa wengine watano, na chupa ya dawa juu yake. Nao wakafuata njia ya wenzao. Mara ya tatu binti yake wa miaka saba aliomba wasiletwe tena, kwa sababu hakutaka kuwatoa kwa kijiko asubuhi kabla ya kwenda shule. Tangi lile sasa linawekewa viatu. Wale samaki 15 hawakuzaliwa dukani. Kila mmoja alitolewa mwambani na mvuvi, akavumilia ndoo, mfuko na safari, ili aje afe katika maji ambayo hayakuwa tayari kumpokea.

Ni nini kilichokosekana katika maji yale, yaliyokuwa maangavu kama kioo chenyewe? Walikosekana bakteria. Neno hili hututia hofu kwa sababu tumelizoea hospitalini, lakini wako bakteria ambao bila wao dunia ingenuka. Kundi la kwanza hula amonia na kuigeuza kuwa kitu kiitwacho nitraiti. Kundi la pili hula nitraiti na kuigeuza kuwa nitreti. Majina hayo yamefanana kama pacha na yanachosha. Wewe shika tu kwamba la kwanza ni baya sana, la pili lina ubaya wa kadiri, na la tatu samaki anaweza kulivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Mwanasayansi wa Urusi, Sergei Winogradsky, ndiye aliyefaulu mnamo mwaka 1890 kuwatenga bakteria hao na kuonyesha kwamba kazi hiyo hufanywa na makundi tofauti, moja likimpokeza mwenziwe.

Bakteria hao hukaa juu ya mawe, ndani ya mchanga na katika sponji ya chujio, na wengi wao hawaelei majini. Nao ni wavivu wa kuzaana. Bakteria wa kuchachusha uji huongezeka maradufu katika muda usiotimia saa moja; hawa wetu huhitaji saa nyingi, pengine siku nzima. Hapa ndipo zinapotoka zile wiki 6. Hakuna fedha inayoweza kuzinunua zote, ingawa ziko njia za kuzipunguza kidogo, nami nitazitaja.

MISHAHARA MITATU

Mfanyakazi mwenye familia asijaribu kununua kila kitu kwa mkupuo. Ninashauri ununuzi ugawanywe katika mishahara mitatu, na kwa bahati njema mpango huo unakwenda sambamba na mahitaji ya bakteria wenyewe.

Mshahara wa kwanza ni wa tangi na meza yake. Wanaoanza hudhani kwamba tangi dogo ndilo rahisi kulitunza. Ni kinyume. Katika maji machache kila kosa hukua haraka: joto hupanda ghafla, chumvi hukolea ghafla, amonia huongezeka ghafla. Usiende chini ya lita 100. Tangi lenye urefu wa sentimita 80, upana wa 35 na kimo cha 40, likijazwa hadi sentimita 36, huchukua karibu lita 100 kamili. Fundi yeyote hodari wa vioo anaweza kulitengeneza. Mwambie atumie kioo kisichopungua unene wa milimita 8 na gundi ya silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia kuvu. Ile ya bafuni mara nyingi imetiwa, nayo huua. Silikoni ya kawaida hunuka siki inapokauka. Iache wiki nzima, mpaka harufu iishe kabisa, ndipo ulijaze maji ya bomba kwa siku mbili na kupitisha karatasi kavu katika kila pembe kutafuta mvujo.

Meza ni jambo la kufikiriwa sana. Lita 100 za maji ya bahari zina uzito wa zaidi ya kilo 102. Ongeza kioo, mawe na mchanga, nawe unakaribia kilo 150, yaani watu wazima wawili wanene waliosimama juu ya stuli moja usiku na mchana. Kabati la televisheni halikuundwa kwa mzigo huo. Mpe kazi fundi seremala anayeaminika au fundi wa kuchomelea vyuma, na siku ya kuliweka tangi mkope fundi mwashi pimamaji yake, kwa kuwa meza ikiinama kidogo tu kioo hubeba uzito upande mmoja. Chini ya tangi tandika karatasi nene ya povu, ile iletwayo ndani ya maboksi ya redio na majokofu, ili chembe ya mchanga isije ikakipasua kioo.

Mahali pa kuliweka pachaguliwe mara moja tu, maana likishajaa halihamishiki. Lisiwe dirishani panapopigwa na jua, wala karibu na jiko. Na hapa nina neno kwa kina mama na kina baba wa pwani: pampu ya hewa huvuta hewa ya chumba ilivyo. Ukipuliza dawa ya mbu, pampu huipeleka moja kwa moja ndani ya maji, na dawa nyingi za namna hiyo ni sumu kali kwa samaki na zaidi kwa kamba na kaa. Udi na ubani navyo ni vizuri kwa wageni, si kwa matamvua. Ama tangi likae chumba kisichopulizwa dawa, ama familia irejee kwenye chandarua, ambacho hata hivyo ndicho bora kwa afya ya wote.

Mshahara wa pili ununue pampu, chujio, mchanga, mawe na vipimo. Chujio la sponji linaloendeshwa kwa pampu ya hewa ni la bei nafuu na linatosha kuanzia. Wapo watakaokushawishi ununue mashine ya kukamua povu na mitambo mingine mingi. Mashine hiyo ina kazi yake, lakini tangi lenye samaki wawili watatu linaweza kuishi bila hiyo. Fedha hiyo nunua pampu ya pili ya hewa, yenye kutumia betri, kwa sababu umeme ukikatika usiku saa sita kwa joto la Februari, samaki hawana akiba kubwa ya hewa mpaka asubuhi. Na kama LUKU yako huisha bila taarifa, ujue kwamba hiyo nayo ni namna ya kukatika umeme.

Juu ya mawe nitasema kwa kirefu, maana hapo ndipo watu wa pwani wanapoweza kutenda dhambi bila kujua. Wafugaji wa Ulaya na Marekani huyapenda mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe wake, kwa kuwa bakteria wamo tayari. Mkazi wa Dar es Salaam atajiuliza kwa nini anunue jiwe hali mwamba uko pale Mbudya. Jibu ni kwamba mwamba ule si jiwe, ni nyumba ya walio hai, na aghalabu ni wao wenyewe. Tumbawe kubwa la mviringo huongezeka kwa kadiri ya sentimita 1 kwa mwaka. Kipande cha kimo cha tangi lako huenda kilianza kukua kabla hujazaliwa. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi katika upande wetu wa Bahari ya Hindi, na mwaka 2016 yakapauka tena. Yaliyosalia hayana ziada ya kugawa sebuleni. Aidha, Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975, na ipo Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994.

Njia halali iko, tena ni nzuri. Pwani yetu yote imekalia mawe ya matumbawe ya kale, yaliyokufa maelfu mengi ya miaka iliyopita wakati bahari ilipokuwa juu zaidi. Ndiyo mawe yaliyojenga Mji Mkongwe wa Unguja na misikiti ya Kilwa Kisiwani, na hadi leo huchimbwa nchi kavu kwa ujenzi. Tafuta kilo 10 hivi za vipande vyepesi vyenye matundu mengi, visivyopata kugusa saruji, rangi wala mafuta. Tonesha siki juu ya kipande kimoja: kikitoa mapovu, ni chokaa halisi, nacho kitasaidia kuushika umagadi wa maji usishuke. Yasugue kwa brashi, yaloweke katika maji safi kwa wiki moja huku ukibadilisha maji, kisha yaanike juani. Hayana bakteria, ni kweli. Lakini hayana deni kwa bahari.

Mawe hutangulia, mchanga hufuata. Ukianza na mchanga, siku moja kamba mchimbaji atachimba chini ya jiwe nalo litaangukia kioo. Yapange yasimame imara juu ya sakafu ya tangi, yakiacha mapango na njia za maji kupita, halafu umwage mchanga mweupe wa chokaa uliooshwa mpaka maji yake yawe maangavu, unene wa sentimita 2 au 3.

MAJI YENYEWE

Mshahara wa tatu ni wa maji, na hapa pana njia mbili.

Njia ya kwanza ni chumvi maalumu ya kutengenezea maji ya bahari, iuzwayo na wenye maduka ya samaki wa mapambo. Huhitajiwa gramu 35 kwa lita, yaani kilo 3.5 kwa lita 100, na kidogo zaidi kwa zile zenye unyevu. Chumvi ya jikoni haifai hata ikiwa safi namna gani. Hiyo ni klorini na sodiamu karibu tupu, pamoja na madini joto iliyoongezwa kwa ajili yetu. Kilo moja ya maji ya bahari ina klorini gramu 19 na sodiamu gramu 11 hivi, ni kweli, lakini pia salfeti gramu 2.7, magnesi gramu 1.3, na kalisi na potasi karibu gramu 0.4 kila moja. Kukosekana kwa hizo chache ni kama ugali bila kitoweo siku zote: mlaji hafi kesho, ila hafiki mbali.

Maji ya kuyeyushia chumvi hiyo yawe yamechujwa vizuri. Ya bomba yana klorini iliyotiwa kuua vijidudu. Yaache wazi kwa siku moja na zaidi huku pampu ikiyachemua. Ya kisima cha mjini usiyatumie kabla ya kuyapima, maana visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi yake yenyewe. Ya mvua kutoka bati yana zinki. Ndoo iwe ya plastiki, mpya, na iandikwe kwa rangi kubwa kwamba ni ya tangi, ili isikutane na sabuni. Vyombo vya shaba viwe mbali kabisa. Shaba kidogo sana huua kamba, kaa na konokono.

Njia ya pili ni bahari yenyewe, nayo ni bure isipokuwa nauli na mgongo wako. Lakini si maji yote ya pwani ni bahari safi. Usichote karibu na Daraja la Selander, ambapo Mto Msimbazi humwaga uchafu wa nusu ya jiji, wala bandarini. Nenda upande wa bahari kuu, Kigamboni mathalani, mbali na makazi, wakati maji yamejaa, ikiwezekana siku za bamvua, kwa kuwa hapo ndipo maji ya kilindini hufika ufukweni. Siku za masika acha kabisa. Mvua hupunguza chumvi na kuleta takataka. Ukiyafikisha nyumbani, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, uyaweke gizani ndani ya pipa lililofunikwa, na pampu ya hewa ikifanya kazi, kwa wiki mbili. Viumbe wadogo wasioonekana watakufa na kutuama chini. Kisha uyavute ya juu kwa mpira na kuyaacha ya chini.

Njia yoyote uliyochagua, pima. Haidromita ioneshe 1.025, na kipimajoto nyuzi 25 hadi 28. Kwa wakazi wa Dar es Salaam hita haina kazi. Shida yetu ni joto la Februari na Machi, nayo hupunguzwa kwa kufunika tangi kwa wavu badala ya kioo na kuelekeza feni juu ya maji, ambayo huweza kushusha nyuzi 2 au zaidi. Msomaji wa Mbeya au Njombe, kwa upande wake, hana budi kununua hita.

Feni ina gharama yake nyingine: maji hukauka upesi. Yanayokauka ni maji peke yake, chumvi hubaki. Chora mstari kwenye kioo kwa kalamu ya wino mzito pale maji yalipoishia, na kila siku jazia mpaka mstarini kwa maji safi yasiyo na chumvi. Wengi hujazia maji ya bahari wakidhani ndiyo haki yake, na baada ya mwezi tangi limekuwa shamba la chumvi.

KAMBA MMOJA KATIKA SOKSI

Sasa tangi limejaa, pampu inanguruma, maji yametulia. Bakteria wachache watakuja wenyewe, lakini watakuja na njaa. Lazima walishwe. Zamani watu walitia samaki mmoja au wawili wenye uvumilivu ili watoe amonia, nao waliteseka kwa niaba ya wenzao. Hapana haja ya ukatili huo. Nenda Feri ukanunue kamba mmoja mbichi wa ukubwa wa kidole, asiyetiwa chumvi wala kupikwa, umfunge ndani ya soksi nyembamba ya nailoni iliyo safi, umtumbukize. Ataoza, na kuoza kwake ni amonia. Baada ya siku 3 au 4, kipimo kikifika miligramu 3 au 4 kwa lita, mtoe. Nyumba itanuka kidogo siku hizo. Waarifu wakwe wasije wiki hiyo.

Kama unaye rafiki mwenye tangi la bahari lililokaa mwaka mzima na samaki wenye afya, mwombe kiganja cha mchanga wake au kipande cha sponji kuukuu ambacho hakijaoshwa. Kibebe ndani ya maji ya tangi lake, usikiache kikauke, ukifikishe siku hiyo hiyo. Hiyo ndiyo chachu bora kuliko chupa nyingi zinazouzwa, na huweza kukuokolea wiki mbili.

Taa izimwe wakati wote huu. Bakteria hawaihitaji, nayo hukuza mwani. Hata hivyo utaona utando wa kahawia ukitanda juu ya mchanga, na baadaye ukijani. Usiogope wala usimwage maji. Ndivyo kila tangi jipya linavyopitia.

Kazi ya kupima apewe mtoto mkubwa, wa darasa la tano au sita, na daftari lake lenye safu za tarehe, joto, chumvi, amonia, nitraiti na nitreti. Apime kila baada ya siku mbili kwa chupa za matone, ambazo rangi zake ni rahisi kulinganisha mchana. Katika wiki ya kwanza na ya pili ataona amonia ikipanda peke yake. Kisha itaanza kushuka, na nitraiti itapanda kwa kasi na kukaa juu kwa muda mrefu unaochosha. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kukimbilia dukani. Ni kweli kwamba katika maji ya bahari nitraiti haiui haraka kama katika maji baridi, kwa sababu klorini iliyomo majini huzuia isiingie mwilini mwa samaki. Lakini kuwapo kwake ni ushahidi kwamba kundi la pili la bakteria halijatimia, na nyumba isiyoezekwa haihamiwi. Asubuhi moja nitraiti itaanguka, pengine ndani ya siku mbili tu, na nitreti itakuwa imejaa.

Siku hiyo tangi limefaulu mtihani mmoja, si wote. Amonia na nitraiti zote zikisoma sifuri, anza kutia chembe za chakula cha samaki kila jioni, kiasi cha kubana kwa vidole viwili, kana kwamba wenye nyumba wamo. Fanya hivyo kwa siku 7, ukipima kila siku. Mtoto mdogo atakuuliza unamlisha nani. Mwambie ukweli, kwamba unawalisha wasioonekana. Huenda akakuelewa upesi kuliko baba yake. Kipimo kikipanda hata mara moja katika siku hizo, rudi nyuma, ngoja wiki nyingine, kisha anza upya kuhesabu 7.

Zikitimia bila dosari, vuta nusu ya maji pamoja na takataka za juu ya mchanga, urudishe mapya yenye chumvi na joto lile lile, ili nitreti ipungue. Pima mara ya mwisho kesho yake asubuhi. Ndipo uende dukani, na mwanao mwenye daftari, mkanunue samaki wawili, si watano. Mkiwa pale mwulizeni muuzaji walivuliwa wapi na kwa chombo gani, na wanakula nini, na mwombe awalishe mbele yenu. Asiyekula dukani msimchukue. Jinsi ya kuwachagua, na jinsi ya kuwatoa katika mfuko na kuwaingiza tangini bila kuwashtua, tutaeleza katika safu ya Jumapili ijayo.